Ratili Thelathini na Nne za Fedha

Mume wangu Cintusmus alikuwa mfua fedha, kama baba yake na babu yake, na kwa bahati yake njema akaifanya kazi hiyo katika miaka ambayo fedha yenyewe ilikuwa imehama nchi. Makaisari tulikuwa nao wa kutosha. Tulipata mmoja kila mwaka, mwaka mwingine wawili, na kila aliyeingia aliwalipa askari wake kwa sarafu mpya zenye uso wake, kichwani amevaa taji la miale kama jua. Zilikuja nyeupe, zinameta. Ukikaa nazo mfukoni mwezi mmoja, zikasuguana na funguo, pua ya Kaisari ilianza kuwa nyekundu. Mwezi wa pili mashavu. Mwezi wa tatu mtawala wa dunia nzima anakutazama kama mlevi aliyelala juani.

Sheria ilisema hiyo ni fedha. Ilisema tena kwamba sarafu moja ya taji ni sawa na dinari mbili za zamani, zile za enzi za bibi yangu, ambazo ukiiangusha moja mezani inalia kama kengele. Ya taji ukiiangusha inasema "tak", kama kifungo cha joho. Lakini atakayeikataa amemtukana Kaisari, na anayemtukana Kaisari, tulielezwa kwa upole kabisa, atapelekwa machimboni akaichimbe mwenyewe hiyo fedha anayoipenda.

Basi hatukuikataa. Tulipandisha bei tu. Jirani yangu Tasgilla, mwoka mikate, aliuza mkate kwa sarafu moja, kisha nne, kisha kumi na mbili. Askari akilalamika, anamwambia, "Mwanangu, nani kakataa pesa yako? Mimi naipenda, ndiyo maana naitaka nyingi." Ukimpelekea mayai sita, anakupa mkate ule ule na kukuuliza habari za nyumbani.

Mimi naitwa Banna, ila mtaani waliniita Mama Divixta, kwa jina la binti yetu aliyeolewa ng'ambo ya mto Liger. Naeleza haya kwa sababu yamewahi kuelezwa na watu wengine, na wote walijipa sehemu nzuri.

Yalianza mwisho wa baridi, siku baraza la mji wetu lilipoamua kumpenda Kaisari. Upendo huo haukuota wenyewe. Gaianus, afisa wa kodi wa wilaya, alikuwa amewadokeza madiwani kwamba mji wa jirani umemtolea Kaisari kichwa cha sanamu, fedha tupu, ratili thelathini na tatu, na kwamba miji inayochelewa kupenda huwa inakumbukwa wakati wa kupanga kodi. Mwenyekiti wa baraza, Pacatus, mwenye shingo nene na koo lisilochoka, akasimama hapo hapo akasema mji wetu unampenda Kaisari kwa ratili thelathini na nne.

Siku ya pili akaja kwenye karakana yetu na watumishi wanne wamebeba magunia.

"Fundi Cintusmus," akasema, "heshima imekuangukia."

Mume wangu akasogea nyuma kidogo, kama mtu anayekwepa kigae. Akafungua gunia, akachota sarafu moja, akaigeuza.

"Ndizo hizi, mheshimiwa?"

"Ndizo. Elfu nne. Mji mzima umechanga."

"Zote za taji?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Kuna dinari za zamani."

"Hizo hakuna aliyenazo," akasema Pacatus haraka. Na kweli hakuna aliyekuwa nazo, isipokuwa kwamba mwaka ule madiwani wote walikuwa wameshikwa na hamu ya kilimo cha bustani, wakichimba wenyewe kwa mikono yao, tena ardhi ikiwa bado na barafu.

"Kuyeyusha uso wa Kaisari si kosa?" akauliza mume wangu. Aliuliza kwa matumaini.

Pacatus akatoa karatasi ya Gaianus yenye muhuri. Ilisema kwamba uso wa Kaisari unaruhusiwa kuyeyushwa iwapo lengo ni kupata uso wa Kaisari.

"Mheshimiwa," akaanza Cintusmus, "nikiziyeyusha hizi..."

"Ukiziyeyusha itakuwaje?"

"Itakuwa moto sana."

"Vaa kitambaa," akasema Pacatus, akaondoka na heshima yake yote.

Jioni tulikula dengu na soseji, yaani mimi nilikula. Yeye alikuwa anasukuma dengu kwenda upande huu na kuzirudisha.

"Nilijaribu siku moja," akaniambia. "Nilichukua sarafu mia, nikazisafisha motoni kwa madini ya risasi na majivu ya mifupa mpaka mwisho. Unajua nilipata fedha kiasi gani?"

"Kiasi gani?"

"Kama harage moja. Si bichi, Banna. Kavu."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba Kaisari anagonga shaba na kuipaka fedha kama mwanamke anavyojipaka poda?"

"Waambie mgongo unakuuma."

"Watasubiri mgongo upone."

"Waambie umesahau kazi."

Hapo akaniudhikia kweli. Unaweza kumwambia Cintusmus ni mzee, ni bahili, anakoroma, atacheka. Usimguse kazi yake. Ile alama yake, samaki mdogo chini ya kikombe, watu waliiamini kuliko mizani, kwa kuwa katika miaka thelathini hajawahi kuuza kitu kwa jina la kitu kingine. Nikaondoa sahani.

"Nitayeyusha mbele yao," akasema. "Nitawaita madiwani wote wakuu. Sisemi neno. Watatazama tu. Macho wanayo."

Mume wangu alikuwa na imani kubwa na macho ya watu. Ndiyo maana hakuwahi kuwa diwani.

Walikuja saba, asubuhi, wamevaa nguo za sherehe, Pacatus mbele. Cintusmus akawakalisha kwenye benchi, akafungua mlango na madirisha ili asije mtu akasema kulikuwa na giza. Akapima magunia mbele yao. Akamwaga sarafu kwenye chungu cha kuyeyushia, nami nikapuliza mivukuto. Nilikuwa natazama nyuso elfu nne za Kaisari zikizama, moja juu ya nyingine, na sikumhurumia hata mmoja. Zilipoyeyuka, akaondoa takataka juu, akamimina kwenye kalibu ya mche, kama mche wa sabuni, akasubiri. Kisha akautoa, akaupoza majini, akausugua kwa mchanga na siki, akauweka juu ya fuawe lake la kugongea mbele ya benchi.

Ulikuwa mwekundu. Si wekundu wa kubishania. Ulikuwa mwekundu kama sufuria yangu ya supu.

Madiwani wakautazama. Mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kuchunguza dari letu kwa hamu kubwa, ingawa lina masizi matupu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema mume wangu, "naomba uniambie unachokiona."

Pacatus akalamba midomo. "Naona... fedha."

"Rangi gani?"

"Rangi ya... bado ina joto."

"Nimeipoza. Iguse."

Hakuigusa. Nilimwona akifikiri, na kumwona Pacatus akifikiri ni jambo la kutisha, kwa maana huwa anafikiri kuelekea kwa mtu mwingine. Akisema hii ni shaba, basi sarafu za Kaisari ni shaba, na mtu wa kwanza kusema hivyo mbele ya mashahidi sita ni yeye. Akisema ni fedha, kesho Gaianus anakuja kuona fedha ya rangi ya sufuria. Akasimama taratibu.

"Ndugu zangu madiwani. Fedha imeingia humu, tumeiona. Sarafu za Kaisari wetu, ambazo ni fedha, hilo hakuna anayelipinga. Kuna anayelipinga?"

Hakuna aliyelipinga.

"Imeingia fedha, imetoka shaba. Katikati yake alikuwa nani?"

Wote saba wakamgeukia mume wangu. Sijapata kuona watu wakipata nafuu ya ghafla namna ile.

"Mlikuwa mmekaa hapo!" nikapiga kelele. "Mmeangalia mwanzo mpaka mwisho! Ameificha wapi, sikioni?"

"Mama Divixta," akasema Pacatus kwa huruma, "wezi wa kawaida tunawaona. Huyu ni hodari."

"Pima basi! Kilichoingia na kilichotoka ni uzito mmoja!"

Wakapima. Ukiondoa takataka, uzito ulikuwa sawasawa, ratili thelathini na nne. Pacatus akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hilo ndilo linaloonyesha ubingwa wa mwizi mwenyewe. Wakamwita mlinzi. Cintusmus alivua aproni yake ya ngozi, akaikunja, akanikabidhi mkononi bila kunitazama. Aliona aibu, mtu ambaye hakufanya kitu, na wale saba walitoka vichwa juu kama wanatoka kwenye bafu la mji.

Walimfungia kwenye ghala chini ya ukumbi wa baraza, asubiri Gaianus aje kukusanya kodi ya masika na kuamua kesi. Adhabu tuliijua. Kumwibia Kaisari ni machimboni ukibahatika, ni simba usipobahatika, na wakati ule hata simba walikuwa ghali, kwa hiyo tulitarajia machimbo. Mtu wa umri wake huko hamalizi baridi moja.

Nilimpelekea mkate siku ya tatu. Alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, ndevu zimemwota.

"Wanakutendeaje?"

"Vizuri. Wanafuata choo changu."

"Wanafuata nini?"

"Wanadhani niliimeza. Mlinzi anakuja na kijiti, anapekua. Siku tatu sasa." Akatazama mikono yake. "Ratili thelathini na nne, Banna. Mtu akitembea na ratili thelathini na nne tumboni, si angelia kama kigari cha vyombo?"

Nikacheka, naye akacheka, kisha nikamshika kichwa nikakilaza begani. Mlinzi akageuka ukutani. Nadhani yeye pia alikuwa amechoka na kile kijiti.

Nilirudi nyumbani nikakaa karakanani siku nzima nikisugua vyombo vilivyokuwa safi. Nilimchukia Pacatus, nilimchukia Kaisari, na kuna saa nilimchukia mume wangu pia, na macho yake anayoyaamini. Nilifikiria kumwendea Pacatus nipige magoti. Nilifika hata mlangoni kwake. Nikasikia anaimba. Nikarudi.

Aliyeniokoa ni Tasgilla, na hakukusudia. Aliingia kwangu siku moja adhuhuri, unga mpaka kwenye nyusi, anatukana.

"Mama Divixta, hebu nisikilize! Nimekwenda ofisi ya kodi nimalize mapema. Nimebeba sarafu za taji kikapu kizima, bega linaniuma. Yule karani ananisukumia kikapu changu! Anasema kodi ni ngano au dinari za zamani. Nikamuuliza, kwani hizi si pesa? Anasema, pesa ni pesa, lakini hatuzipokei. Wanatulipa kwa hizi, wanatutoza kwa zile! Mimi nikimkataa askari nakwenda machimboni, yeye akinikataa mimi anakwenda kula!"

"Alisema kwa nini hazipokei?"

"Alisema si kazi yangu kujua."

"Na ukimuuliza sana?"

Tasgilla akaacha kujipangusa unga. Tulitazamana.

"Mama Divixta," akasema taratibu, "unataka nini?"

"Nataka nilipe kodi," nikasema. "Mimi ni raia mwema."

Gaianus alifika baada ya siku tano, na siku ya kodi ukumbi ulijaa. Alikuwa mtu mwembamba, safi sana, anayezungumza kama maneno yanamgharimu. Alikaa nyuma kwenye kiti cha juu, madiwani kando yake, na karani mbele kwenye meza na mizani yake. Foleni ilikuwa ya watu wenye magunia ya ngano. Nyuma yangu alikuwa Tasgilla, na nyuma ya Tasgilla wateja wake wote, maana alikuwa amewaambia asiyekuja asitegemee mkate.

Zamu yangu ilipofika nikamwaga sarafu za taji mezani. Tak, tak, tak, tak.

Karani hakuinua hata macho. Akazisukuma kwa kiganja kama makombo. "Hatupokei."

"Shikamoo mwanangu," nikasema. "Nimekuja kulipa kodi."

"Marahaba, mama... yaani, lete ngano, au dinari za zamani."

"Hizi zina kasoro gani?"

"Mama, watu wanasubiri."

"Wasubiri na mimi nisubiri. Kasoro yake nini? Uso si wa Kaisari?"

"Ni wa Kaisari."

"Taji halijakaa vizuri?"

Watu wakaanza kucheka. Karani alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, amekesha na hesabu za wilaya nzima, na foleni ilikuwa inafika nje. Sikuona fahari kwa nilivyomfanya, lakini nilikuwa na mtu wangu chini ya sakafu ile.

"Labda hazitoshi," nikasema. "Subiri nikuongeze." Nikamwaga mfuko wa pili.

"Mama, hata ulete mkokoteni! Hizi ni shaba! Tukipeleka shaba hazina watatukata vichwa!"

Katika ukumbi mzima nikasikia sarafu moja ikibingirika sakafuni na kulala.

"Sema tena, mwanangu," nikasema. "Kuna wazee hapa hawasikii vizuri."

Alikuwa ameshaelewa, uso wake umekuwa rangi ya sarafu mpya. Nikapaza sauti kuelekea kwenye kiti cha juu.

"Mheshimiwa Gaianus! Mimi ni mke wa Cintusmus, mfua fedha. Mume wangu yuko chini ya miguu yenu kwa sababu aliyeyusha sarafu hizi zikatoka shaba, na mheshimiwa Pacatus anasema zilikuwa fedha. Karani wako anasema ni shaba. Mimi ni mwanamke mjinga tu, naomba nielekezwe. Kama ni fedha, zipokeeni, tutalipa sote leo leo. Kama ni shaba, nipeni mume wangu."

"Tuelekezeni!" akapiga kelele Tasgilla, na nyuma yake wapenda mikate wote.

Gaianus alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira machoni mwake. Alikuwa anapima, kama Cintusmus alivyokuwa akipima fedha kabla ya kuigonga. Akikubali kwamba ni fedha, wilaya nzima itamlipa kwa mikokoteni ya shaba. Akikubali kwamba ni shaba, amemwita Kaisari mwongo mbele ya watu mia mbili. Madiwani saba walikuwa wanatazama viatu vyao.

Akasimama. "Twende karakanani."

Tukaenda, mji mzima nyuma. Mche ulikuwa palepale juu ya fuawe, mwekundu, umeanza na madoa. Gaianus akauzunguka mara moja. Akaupigapiga kwa kidole.

"Nani alisema hii ni shaba?"

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Hii," akasema, "ni fedha."

"Lakini mheshimiwa," Pacatus akaropoka, "ni nyeku..."

"Ni nini?"

"Ni nyeupe sana," akasema Pacatus. "Nilisema hivyo tangu siku ile. Waulizeni wenzangu."

Wenzake walikubali kwamba alisema hivyo tangu siku ile.

"Karani amechoka, alikuwa anazungumzia vitu vingine," akaendelea Gaianus. "Kodi inaendelea kulipwa kwa ngano, kwa kuwa Kaisari hapendi kuwanyang'anya watu wake fedha yao nzuri. Fundi hana kosa. Andika stakabadhi."

Karani akaandika kwamba baraza limepokea kutoka kwa mfua fedha Cintusmus fedha safi, ratili thelathini na nne kamili, bila upungufu, na kwamba sasa iko mikononi mwa baraza. Madiwani wakatia sahihi, wote saba, kwa furaha kama wanaosaini mirathi. Nikaomba nakala. Gaianus akageuka kunitazama mara ya mwisho. "Mpe nakala," akasema. "Na mwambie mumewe amchague vizuri mke wa pili, huyu atamuua." Watu wakacheka sana. Afisa wa kodi akifanya mzaha, watu huwa wanacheka sana.

Jioni ile Cintusmus aliogea maji matatu, akalala saa kumi na nne. Alipoamka hakuniambia asante. Alinitengenezea shikio la ndoo lililokuwa limevunjika tangu mwaka uliopita, na katika ndoa yetu huo ni wimbo.

Kichwa akakitengeneza, angefanyaje. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona Kaisari, kwa hiyo akaiga sarafu, akamwongezea masikio. Kibaya ni kwamba kilitoka kizuri. Alijaribu kulipua kazi akashindwa, mikono ilikataa. Alimpa yule mtu macho ya uchovu, kama mtu anayejua hatakaa sana. Ila hakuipiga ile alama yake ya samaki. Pacatus alipouliza, alisema hapakuwa na nafasi.

Siku ya kukizindua, Pacatus alivuta kitambaa, na mbele ya hekalu akatokea Kaisari mwekundu kama karoti.

"Tazameni," akasema Pacatus, na sauti ilimtetemeka kwa hisia, "tazameni weupe wake!"

Watu wakatazama.

"Mweupe mpaka macho yanauma!" akajibu Tasgilla kutoka nyuma, na mji mzima ukacheka mpaka ukatokwa na machozi. Gaianus aliandika kwa wakubwa wake kwamba wananchi walilia kwa upendo.

Mvua za kiangazi zikamnyeshea. Kufikia mavuno ya zabibu alikuwa na nyusi za kijani, na mfereji wa kijani ukitoka puani.

Majani yalipoanza kuanguka, habari zikafika. Kaisari wetu mpendwa alikuwa ameuawa na askari wake mwenyewe, ndani ya hema lake, na wale wale waliomwapia utii. Mwingine amekalia kiti, na huyu mpya hampendi kabisa wa zamani. Vichwa vyote vya wa zamani vishushwe, na vile vya fedha virudishwe hazina, kwa uzito. Gaianus alikuwa ameshapandishwa cheo, yuko mbali. Akaja afisa mpya, kijana, na mkononi ana orodha kutoka kwenye mafaili ya wilaya.

"Mji huu," akasoma, "fedha safi, ratili thelathini na nne."

Pacatus akamwonyesha kichwa. Afisa akakikwangua shingoni kwa kisu.

"Hii ni shaba."

"Ni fedha, mheshimiwa," akasema Pacatus, na jasho lilikuwa linamtoka na baridi ile. "Imeandikwa."

"Imeandikwa, naona. Sahihi saba. Kwa hiyo ile ya fedha iko wapi?"

Nasikia Pacatus alitaja jina la mume wangu kabla sentensi haijafika mwisho. Afisa akaja kwetu na askari wawili. Cintusmus alipowaona mlangoni alikaa chini kwenye sakafu, pale pale. Mimi nikaleta nakala. Kijana akaisoma mara mbili: imepokelewa kamili, bila upungufu, iko mikononi mwa baraza. Akaomba radhi kwa usumbufu. Alikuwa na adabu, sijui kama aliishi.

Ratili thelathini na nne za fedha ya kweli zilipatikana ndani ya siku sita. Zilipatikana bustanini, chini ya kabichi na vitunguu, kwa diwani mmoja mmoja, dinari za zamani nzuri za kulia kama kengele, na vikombe ambavyo vingine vilikuwa na samaki mdogo chini. Mke wa Pacatus alisimama barabarani akamwambia mumewe, watu wote wakisikia, maneno ambayo mimi kwa heshima ya uso wangu siwezi kuyarudia, ingawa Tasgilla anayarudia kila akiombwa. Kichwa cha kijani kilipakiwa kwenye mkokoteni pamoja na shaba nyingine kuukuu na hatukujua kilikoishia.

Ungedhani mume wangu angefurahi. Mtaa mzima ulifurahi kwa niaba yake. Yeye alikaa kwenye benchi, akatazama vile vikombe vyake vikipita na askari, vitatu alivyovifua ujanani, vinakwenda kuyeyushwa na kupakwa juu ya shaba ili viwe mishahara.

Baada ya wiki mbili Pacatus akaja. Alikuwa amekonda. Akasema baraza limempenda Kaisari mpya.

"Kwa ratili ngapi?" nikamuuliza.

"Bado tunajadili," akasema, hanitazami.

Cintusmus akatoka ndani, anafuta mikono. "Mheshimiwa, mimi si mfua fedha tena. Nimehamia kwenye chuma."

"Lini?"

"Leo."

Alikuwa hajaniambia. Nadhani alikuwa hajajiambia hata mwenyewe. Lakini kesho yake aliuza chungu cha kuyeyushia na ile mizani midogo, akanunua nyundo kubwa na mzigo wa chuma kutoka kwa wenye tanuri msituni. Akaanza, na miaka yake hamsini na mitatu, kujifunza kutengeneza misumari.

Ni mibaya. Nasema kama mke anayempenda: misumari yake ni mibaya. Mikono iliyozoea kugonga kama anayebembeleza mtoto haiwezi kuzoea kupiga. Kila msumari wa tatu unapinda. Wateja wakija huwaambia hivyo kabla hawajalipa. "Huu utapinda," anasema, "huu sijui, huu nadhani utafaa." Wanamcheka, wanachagua kwenye lile fungu la "utafaa", wanamwachia jibini, au kuku, au siku moja ya kazi shambani.

Juzi alikuja mtu kutoka mji wa mbali, amevaa joho zuri, akataka misumari mia ya paa. Cintusmus akampangia mafungu matatu kama kawaida yake.

"Na hili fungu la kupinda unauza la nini?" mgeni akauliza.

"La watu wenye haraka," akasema mume wangu.

Yule mtu alicheka, akachukua mafungu mawili, akatoa mfuko akaanza kuhesabu sarafu nyeupe, mpya, za taji, sijui za Kaisari gani. Cintusmus akamwangalia mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Mke wangu ndiye anayepokea malipo," akamwambia. "Mwulize kama badala ya hizo tunahitaji kuni."